Darasa la tizi likiisha, tunabeba nini kwenda nacho kazini na nyumbani? Naomba hatua kamili kwa kikundi chetu

Mratibu Mbagala

Wakuu, heshima kwenu.

Kikundi chetu cha mazoezi kina watu wa kila aina: mama lishe, madereva, walimu, mafundi cherehani, umri kuanzia miaka 25 hadi 60 na kitu. Tunakutana Jumanne na Alhamisi saa 12 jioni, na Jumamosi saa 12 asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Darasa ni la saa nzima: kupasha mwili, erobiki, seti za nguvu (skwati, pushapu, planki), kisha kunyoosha viungo.

Lalamiko linalorudi kila mara ni moja. Ndani ya darasa mtu anakuwa mwepesi na kichwa kimetulia, lakini ikifika Jumatatu mchana msongo umerudi palepale. Wanachama wanaomba tuwafundishe namna ya kutumia wanayojifunza uwanjani wakiwa kazini, kwenye foleni na usiku nyumbani. Maneno ya kutia moyo tunayo ya kutosha. Ninachoomba ni vitu vinavyofanyika: sekunde ngapi, mara ngapi, mtu anakosea wapi na kwa nini. Pia kuna wawili watatu ambao naona si uchovu wa kawaida, inaelekea kuwa sonona. Hao tuwaambieje?

---

Kocha Magomeni

Mkuu, kabla ya kugusa akili gusa ratiba. Utulivu unaotokana na kipindi kimoja cha mazoezi hudumu saa chache tu. Kutoka Jumamosi saa 1 asubuhi mnapomaliza hadi Jumanne saa 12 jioni ni saa 83. Jumatatu mchana imo ndani ya pengo hilo, na hakuna mbinu ya kichwani itakayoliziba. Ongezeni matembezi ya haraka ya dakika 20 Jumapili jioni na mengine Jumatatu. Darasa lenu, ukitoa kupasha na kunyoosha, lina kama dakika 40 za kazi. Mara tatu ni 120. Hayo matembezi mawili yanawafikisha 160. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma na siku mbili za nguvu, na uliondoa lile sharti la zamani kwamba kila kipande kisipungue dakika 10. Anayeshuka basi la mwendokasi kituo kimoja kabla na kutembea dakika 7 kwa kasi, dakika hizo zinahesabika. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Sasa kuhusu kinachohamishika. Watu wengi wakitoka darasani wanaondoka na sauti ya kocha: kaza, usiache, maliza! Pumziko na kipimo wanaviacha uwanjani. Mimi naona kosa lote limelala hapo, kwa sababu darasa zuri limejengwa juu ya pumziko na kipimo. Hakuna kocha anayeijua kazi yake atakayempa mtu skwati 48 mfululizo. Anazigawa seti 4 za 12, na kati ya seti sekunde 60 hadi 90. Mtu huyohuyo akifika ofisini anakaa saa 4 bila kunyanyuka halafu anashangaa kwa nini saa 8 mchana anamfokea mteja.

Wagawie kazi kwa seti. Dakika 25 hadi 50 za kazi, dakika 3 hadi 5 za pumziko, amesimama, macho yakitazama mbali, simu ikiwa mfukoni. Simu isiwepo kwa sababu kusoma ujumbe kunadai umakini uleule aliotaka kuupumzisha. Mama lishe hawezi kusimama saa 6 hadi saa 8, huo ndio muda wa wateja. Kwake pumziko linawekwa saa 5 na nusu kabla ya wimbi na saa 9 baada ya wimbi, na liwe refu zaidi, dakika 10, akiwa ameketi na miguu imeinuliwa.

Ila saa peke yake haitoshi. Seti inakatwa mkao unapoharibika, hata kama nguvu bado zipo. Kwenye planki kiuno kikianza kuning'inia, seti imekwisha. Kwenye skwati magoti yakiingia ndani au visigino vikinyanyuka, imekwisha, hata kama zimebaki tatu, kwa sababu zile tatu zitabebwa na goti na mgongo badala ya misuli iliyokusudiwa. Kila mwanachama aandike dalili zake mbili za mkao wa akili kuharibika. Zinazoonekana sana ni hizi: kusoma ujumbe uleule mara tatu, kubana meno, kumjibu mtu kabla hajamaliza sentensi, kusahau chenji. Dalili ikitokea, anapumzika dakika mbili hapohapo. Asisubiri aishiwe kabisa, maana ukifika pale pumziko la dakika mbili halitoshi tena.

Kuhesabu nako ni somo. Tunahesabu kurudi nyuma, nane, saba, sita, kwa sababu anayeuona mwisho anastahimili kuliko asiyeuona. Lakini hesabu hiyo ina sharti: isivunjwe. Kocha anayesema "mbili za mwisho" halafu akaongeza nne, juma linalofuata watu wake wanajibakizia nguvu tangu seti ya kwanza, kwa sababu hawamwamini tena. Mtu anajifanyia vivyo hivyo. Anajiambia "nikimaliza hesabu hizi nalala", anamaliza, anajiongezea kazi nyingine. Baada ya miezi hata kuanza kunakuwa kugumu, na anajiita mvivu. Ukijiahidi dakika 30, simama dakika ya 30 hata kama bado unajisikia vizuri.

Jingine ni daraja. Pushapu tunayo ya ukutani, ya magoti na kamili, na anayefanya ya ukutani bado yumo darasani. Siku mbaya nayo iandaliwe daraja tatu, ziandikwe siku nzuri, kwa sababu siku mbaya mtu hana uwezo wa kupanga. Kwa kutembea: kamili ni dakika 30, ya magoti ni dakika 10, ya ukutani ni kutoka nje na kuzunguka nyumba mara moja. Kwa chakula: kupika kamili, kupika uji, kununua vitumbua na chai kwa jirani. Kwa ndugu na marafiki: kumtembelea mtu, kumpigia, kumtumia ujumbe wa mstari mmoja. Kushuka daraja hakuombewi radhi.

Mwisho kwangu ni kupoza mwili, sehemu ambayo watu huikimbia wakawahi daladala. Ukikimbia kisha ukasimama ghafla, misuli ya miguu iliyokuwa ikisukuma damu kurudi juu inaacha kazi, mishipa bado imetanuka, damu inatuama miguuni, presha inashuka na mtu anapata kizunguzungu. Kwa joto letu la Desemba hadi Machi hali hiyo inakuja upesi zaidi. Ndiyo maana tunatembea taratibu dakika 5 hadi 10. Kazi nayo ipozwe. Dakika 10 kati ya kazi na mlango wa nyumbani: andika kazi tatu za kesho kwenye karatasi, funga karatasi, tembea polepole kipande cha mwisho, ukifika nawa uso na mikono kabla hujaulizwa lolote. Waambieni na wa nyumbani kwao, maana bila hivyo mtoto anakimbilia mlangoni na daftari la hisabati.

---

Tabibu wa Viungo

Kocha amegusa mengi, mimi naongeza kwenye pumzi, maana madarasa mengi yanasema "vuta pumzi ndefu" na kuishia hapo.

Pumzi ni mbili tofauti. Ya kwanza ni ya kazi: unatoa hewa wakati wa kutumia nguvu. Unapoinuka kwenye skwati unatoa, unaposukuma sakafu kwenye pushapu unatoa. Ukishikilia pumzi wakati wa kukaza, presha ya kifuani na ya damu inapanda kwa ghafla. Nje ya uwanja tunashikilia pumzi bila kujua: kunyanyua ndoo, kufungua ujumbe wa mwenye nyumba, kusikiliza mtu akitulaumu. Zoezi la kwanza la juma liwe kujikamata tu. Ukigundua umeshikilia, toa hewa kama unapuliza chai ya moto, kisha endelea na ulichokuwa ukifanya.

Ya pili ni pumzi ya kutuliza. Keti au simama, kiganja kimoja juu ya tumbo chini ya mbavu. Mdomo umefumbwa. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lisukume kiganja, mabega yasipande. Toa ukihesabu hadi 6. Hiyo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Anza na mizunguko 10, ambayo ni dakika moja na sekunde 40, upande polepole hadi dakika 5. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta kwa sababu moyo huharakisha kidogo ukivuta na hupunguza mwendo ukitoa. Kazi hiyo ya kupunguza hufanywa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni. Mwanachama ashike mapigo yake kwenye kifundo cha mkono wakati wa zoezi, atayasikia yakibadilika mwenyewe. Akishasikia, huna haja ya kumshawishi.

Makosa ninayoyaona sana ni kuvuta hewa nyingi mno na kung'ang'ania hesabu ya 4 na 6. Urefu ndio unaohitajika, wingi hauhitajiki. Mtu akihisi njaa ya hewa, ashuke hadi 3 na 4. Kosa jingine ni kulitumia zoezi siku ya dhoruba tu. Mbinu isiyofanyiwa mazoezi wakati wa utulivu haipatikani wakati wa hasira. Mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kutoka na jioni, kwa majuma mawili ya kwanza, hata kama hakuna kinachomsumbua. Na msimlazimishe mtu kufumba macho. Aliyewahi kufanyiwa ukatili anaweza kuletewa picha mbaya akifumba. Huyo atazame sehemu moja ukutani. Dereva naye asifumbe macho wala asishike hesabu gari likiwa kwenye mwendo. Foleni ikiwa imesimama kabisa, arefushe kutoa hewa mara tatu nne, basi.

Kwa kiti cha daladala kuna zoezi la misuli. Asili yake ni daktari Mmarekani Edmund Jacobson, aliyelichapisha mwaka 1929, ingawa lake lilikuwa refu sana. Fupi ni hili: kunja ngumi, sekunde 5, kwa nusu ya nguvu zako, achia, sekunde 15. Rudia mara moja. Kisha mabega yapande kuelekea masikioni, achia. Kisha bana meno kidogo, achia taya. Kisha kunja vidole vya miguu ndani ya viatu, achia. Sehemu 4, mara mbili kila moja, ni dakika 2 na sekunde 40. Wakati wa kukaza, endelea kupumua. Ukikaza kwa nguvu zote utapata mkazo wa misuli ya mguu na utalichukia zoezi. Na msiharakishe zile sekunde 15, kwa kuwa mwili hujifunza tofauti kati ya kukaza na kulegea wakati wa kuachia. Aliyesimama ameshika bomba afanye mabega na taya tu.

---

Mama Sinza

Tabibu, ahsante. Naomba ufafanue jambo moja. Kuna wanaofanya hiyo ya pumzi wakaona kizunguzungu, midomo na ncha za vidole zinakufa ganzi, wanaogopa kwamba ni kiharusi. Wanaacha kabisa. Wafanyeje?

---

Tabibu wa Viungo

Mama, mara nyingi hiyo ni kupumua kupita mahitaji ya mwili. Hewa ya kaboni dayoksaidi inashuka kwenye damu, mishipa ya kwenda kwenye ubongo inajibana, ndipo kizunguzungu na ganzi vinakuja pande zote mbili. Mtu akiona hivyo anadhani hewa haitoshi, anavuta zaidi, hali inazidi. Afanye kinyume: aache kuvuta ndefu, apumue kidogo kidogo kwa pua, atembee polepole, ahesabu kwa sauti kuanzia 1 hadi 30. Kuongea kunapunguza mwendo wa pumzi kwenyewe. Kwa kawaida ndani ya dakika chache inatulia. Msimwekee mfuko mdomoni kama watu wanavyofanya. Ikiwa tatizo ni pumu au moyo, mtamnyima oksijeni.

Ganzi ya upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kushindwa kutoka, maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya, kuzimia, hayo ni ya hospitali papo hapo, hakuna cha pumzi.

---

Muuguzi Afya ya Akili

Kocha, nakubaliana nawe karibu kote, ila niruhusu niweke mpaka. Darasani mzigo unapangwa na mtu anayekutakia mema, unaongezwa kidogo kidogo, na ukisema basi unawekwa chini. Mizigo mingi ya Dar haiko hivyo. Mkopo wa kausha damu unaoongezeka kila siku, mume anayepiga, mshahara wa miezi mitatu haujatoka: hivi havihitaji mtu ajenge stamina ya kuvibeba. Ukimfundisha kupumua bila kuuliza mzigo wenyewe, unamsaidia kukaa pabaya kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mratibu, kabla ya mbinu yoyote uliza swali moja: mzigo huu unapungua kwa kufanya nini, na nani anaweza kuupunguza? Kwa anayepigwa lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na afisa ustawi wa jamii yupo kwenye halmashauri. Pumzi zimsaidie kufika huko akiwa na sauti ya kusema.

Kuna somo moja la darasani ambalo naona halijatajwa, na kwa maoni yangu lina thamani kubwa. Uwanjani mtu anazoea moyo kudunda, jasho, pumzi kukatika, miguu kutetemeka, na anajifunza kwamba dakika tatu baadaye hali inarudi. Mtu mwenye hofu ya ghafla anazisoma dalili hizohizo kama kifo kinakuja. Akiwa kwenye daladala moyo ukienda mbio kwa joto tu, anaruka nje. Akishuka mara mbili tatu anaanza kuogopa daladala, kisha soko, kisha kanisa au msikiti wenye watu wengi. Matibabu yake yanatumia njia iliyo karibu sana na tizi: anakimbia papohapo dakika moja, kwa kusudi, kisha anakaa na zile dalili bila kuzizima hadi zishuke zenyewe, anarudia mara kadhaa, siku baada ya siku. Kosa kubwa ni kumwambia apumue ili dalili ziishe haraka, kwa sababu anaendelea kuamini kwamba bila pumzi zile angekufa. Kwake yeye, acha zipande na zishuke. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au mimba asijaribu hili bila daktari, na yeyote ambaye moyo unadunda ovyo bila sababu apimwe kwanza.

Kuhusu hao unaowahofia. Kwenye sonona hamu haingojwi. Mwenye sonona akisubiri ajisikie vizuri ndipo atoke, hatatoka. Kitendo kinatangulia, hisia zinafuata kwa mbali. Kwa hiyo "njoo tizi ujichangamshe" haimfai. Ni ombi kubwa mno, halina saa, na akishindwa anaongeza lawama juu ya lawama. Mwambie: "Kesho saa 11 na nusu jioni nitapita, tutembee hadi dukani na kurudi." Kidogo, chenye saa, chenye mtu. Kabla ya kuondoka muulize hali yake kati ya 0 na 10, mkirudi muulize tena, andikeni. Sonona inamfanya asahau nafuu ndogo; jioni atakuambia haikusaidia kitu, na karatasi itaonyesha alitoka 2 akafika 3. Mama lishe atembee saa aliyokwisha kufunga, msimpangie saa ya wateja mkamwona mkaidi.

Maswali mawili ya kujua kama umefika wakati wa hospitali: katika majuma mawili yaliyopita, je, amekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Je, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, na hasa kama usingizi, chakula na kazi vimevurugika, aende. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na kwenu mnaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke. Walioko Ilala na Kinondoni wanazo Amana na Mwananyamala.

Ukihofia kwamba anafikiria kujiua, muulize kwa maneno hayohayo, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na sumu za wadudu ziondolewe alipo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiwa na mtu.

Anayetumia dawa asiziache kwa sababu tizi limemchangamsha. Na kocha ajue: amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, inaweza kushusha presha mtu akiinuka ghafla, na inapunguza jasho, hivyo mwili unapata shida kujipoza. Huyo asitolewe planki akarushwa moja kwa moja kwenye kuruka, na akae kivulini.

---

Kocha Magomeni

Muuguzi, nakubali mpaka huo. Na niongeze kwa upande wangu: hata mzigo wa kujenga hujenga wakati wa kupumzika. Misuli baada ya zoezi jipya huuma zaidi kati ya saa 24 na 72, ndiyo maana hatupigi misuli ileile kwa nguvu kila siku. Aliyepita kwenye msiba, kuuguza au mitihani ahesabiwe hivyohivyo, siku mbili tatu za daraja la chini baada yake, ziwe zimepangwa kabla.

---

Mdadisi wa Mlimani

Kwenye kuzifanya mbinu hizi zikae, jambo linalosaidia ni kuifunga mbinu kwenye tukio ambalo tayari lipo, kwa umbo la "ikitokea hivi, nafanya vile". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliliandikia mwaka 1999. "Nitapumua zaidi juma hili" ni mpango usio na mlango wa kuingilia. "Nikikaa kwenye kiti cha daladala, naachia taya" una mlango. "Nikifunga mlango wa duka, naandika tatu za kesho." Moja kwa wakati mmoja, ya pili iingie ya kwanza ikishazoeleka.

Wasiahidiwe siku 21. Watafiti wa University College London, kwenye utafiti uliochapishwa 2010, walifuatilia watu 96 kwa majuma 12, wakakuta wastani wa kati ni siku 66, kwa tofauti kubwa, kutoka 18 hadi makadirio ya 254. Vitendo vidogo vilizoeleka mapema kuliko mazoezi ya mwili. Kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Hilo lisemeni kwa sauti, kwa sababu watu wengi huacha siku ya pili baada ya kukosa ya kwanza.

Na pangeni mvua. Masika, Machi hadi Mei, uwanja wa shule unajaa maji. Andikeni mapema: mvua ikinyesha, kila mmoja anapanda na kushuka ngazi au anafanya skwati za kiti nyumbani dakika 15 saa ileile ya darasa. Ramadhani nayo iandaliwe: wanaofunga wengi huweza matembezi mepesi dakika 20 kabla ya kufuturu, na seti za nguvu baada ya tarawehe au saa moja hadi mbili baada ya futari nyepesi.

---

Mratibu Mbagala

Nimeyachapa yote haya, tutaanza na pumzi na karatasi ya daraja tatu Jumanne. Mawili yamebaki. Darasa la saa 12 jioni, wengine wanasema linawanyima usingizi. Halafu wapo wazee wenye dawa za presha, saa zao za mkononi zinaonyesha mapigo hayapandi hata wakichoka, wanaona kama hawafanyi kitu.

---

Tabibu wa Viungo

Darasa linaloisha saa 1 usiku halina shida kwa mtu anayelala saa 4. Mazoezi makali yakiisha chini ya saa moja kabla ya kulala ndiyo huchelewesha usingizi, kwa sababu mapigo na joto la mwili bado viko juu. Lakini chunguzeni kinachofuata darasa: chai ya rangi mbili tatu, chakula kizito saa 4, simu kitandani. Mkitaka kubadilisha kitu ndani ya darasa, dakika 10 za mwisho ziwe za kunyoosha chini kwenye mkeka na pumzi ya 4 na 6, bila muziki wa kasi.

Wazee wa dawa: atenololi na propranololi hushikilia mapigo chini, ndiyo kazi yake. Ile hesabu ya ukomo wa mapigo, 220 kutoa umri, haiwahusu hata kidogo. Kwa asiyetumia dawa hizo, mwenye miaka 40 ana ukomo wa karibu 180, na mazoezi ya wastani ni kati ya mapigo 115 na 137. Mzee wa atenololi akilazimisha kufika huko anaweza kuanguka. Wapeni kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa kitini na 10 ni mwisho wa nguvu zake. Wafanye kazi kwenye 4 hadi 6, waweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Waulizeni kila dakika 10 na watamke namba kwa sauti. Wanaotumia dawa hizo wasiziache asubuhi ya tizi ili saa ionyeshe namba nzuri. Kuacha atenololi ghafla kunaweza kuuletea moyo madhara makubwa.